Pilipili Manga Kilo Sita

Jumanne, Juni 10

Zimebaki siku nne nitimize miaka thelathini. Sina mke. Dukani kila mtu anajua, na kila mtu anajua maana yake.

Niandike vizuri, ili nikipotea polisi wapate pa kuanzia. Kwetu Slagelse mtu akifika ishirini na tano hajaoa, wenzake humfunga kwenye nguzo na kummwagia mdalasini. Akifika thelathini na bado yuko vile vile, ni pilipili manga. Mapipa mawili ya mafuta huunganishwa yakawa kinu cha pilipili kirefu kuliko mtu, kikasimamishwa mbele ya nyumba yake, mtaa mzima ujionee. Ndiyo desturi. Sijawahi kuipinga. Nimeiendeleza, tena kwa moyo. Ni mimi niliyegundua kwamba mdalasini hushika vizuri ukimlowesha mtu kwanza kwa mpira wa bustani. Ni mimi niliyeleta mashine ya kupuliza majani siku ya Troels, mwenzangu wa dukani. Troels alinukia mdalasini hadi Agosti. Nyigu walimfuata mpaka kanisani, kwenye ubatizo wa mpwa wake. Tulicheka sana. Nikikumbuka sasa, yeye hakucheka sana.

Leo saa ya chai Troels kaniuliza Jumamosi nitakuwa nyumbani saa ngapi. Kauliza huku anachovya biskuti, macho yake yako kikombeni. "Nataka kujua tu, kaka. Nikuletee kadi." Troels hajamletea mtu kadi tangu azaliwe. Nikamwambia nitakuwa Esbjerg kwa mama kuanzia Ijumaa usiku. Akasema Esbjerg kuzuri, kuna upepo. Akatabasamu.

Mchana nikamsikia Bwana Kjeldsen, bosi wetu, akiongea kwenye simu. Alisema kilo sita. Kisha akasema ndiyo, iliyosagwa. Kugeuka, akaniona mlangoni. Akasema ni chokaa. Hapa duka la rangi chokaa tunaagiza kwa gunia, hatujawahi kuagiza kwa kilo.

Jioni nikapita uani kwa duka. Mapipa mawili matupu hayapo.

Jumatano, Juni 11

Sikulala vizuri. Niliota kinu.

Leo niandike habari za Sidsel, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Sidsel anachanganya rangi. Mteja akileta kipande cha kigae au jani la kabichi, Sidsel anaangalia mara moja tu, anatia matone, anakoroga, na rangi inakuwa ile ile. Miaka mitatu sasa tunakula chakula cha mchana benchi moja nyuma ya duka. Nampenda. Nimeandika kwa wino, basi. Pete nilinunua mwezi Machi.

Mtu mjinga angeuliza: si umpose sasa hivi, pilipili ikuepuke? Hapo ndipo mtu mjinga na mimi tunapoachana. Nikimposa wiki hii, Slagelse nzima itasema Bjarke Tofte ameoa kwa kuogopa pilipili. Troels atalisema arusini, tena kwenye hotuba. Wajukuu wangu watalisikia. Mwanamume mwenye heshima haposi huku ameshikiwa kinu. Kwa hiyo mpango ni huu: Jumamosi inapita, sipati hata punje moja, na Jumatatu asubuhi, mtu huru wa miaka thelathini, nampeleka benchini na kumposa kwa hiari yangu mwenyewe.

Mpango hauna tundu.

Leo Sidsel kaniambia amepata kazi Aalborg, mbali huko kaskazini. Kuchora mandhari za jukwaani katika jumba la maigizo. Miti, mawingu, majumba ya kifalme. Wanataka jibu kabla ya Jumapili saa sita mchana. Akaniuliza nina maoni gani. Nikamwambia Aalborg nyumba za kupanga ni rahisi. Akautazama mkate wake. Nadhani alikuwa akipiga hesabu ya kodi.

Alhamisi, Juni 12

Nimepata!

Kopenhagen. Mtu wa Slagelse haendi Kopenhagen kutalii. Anakwenda kwa daktari wa macho, au anapita kwenda kupanda ndege. Hakuna atakayenitafuta kwenye foleni ya boti za watalii. Mimi mwenyewe sijapanda hizo boti, na nimezaliwa mwendo wa saa moja tu kwa treni. Nitakwenda asubuhi, nizunguke siku nzima kama mgeni, nirudi jioni Troels ameshachoka kusubiri Esbjerg.

Tatizo: mwanamume anayetalii peke yake anatiliwa shaka. Watalii huenda wawili wawili. Nikamwomba Sidsel anisindikize. Nikamweleza wazi kwamba ni kwa ajili ya kujificha. Akaniuliza: "Siku nzima? Sisi wawili?" Nikasema ndiyo, mpaka saa moja jioni. Akawa mwekundu usoni. Dukani kuna joto.

Nikampigia mama. Akasema si umwoe tu huyo binti. Nikamweleza habari ya heshima, polepole, mara mbili. Akasema, "Mwanangu, pilipili usiyoila yakuwashiani?" Mama hajawahi kuwa mtu wa mikakati.

Saa tisa, jambo baya. Nilikuwa nyuma ya rafu za brashi. Nikamwona Sidsel na Troels wamesimama karibu na mizani. Sidsel ananong'ona. Kamshika Troels mkono! Troels anatikisa kichwa, kisha anakubali, kisha anajikuna shingo. Nilipotokea wakanyamaza wote wawili. Sidsel akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

Ni jasusi? Nimekaa na swali hili jioni nzima na soseji zimepoa. Nimeamua kwenda naye. Jasusi uliyemshika mkono ni nafuu kuliko jasusi aliyezagaa.

Ijumaa, Juni 13

Mapipa yamerudi uani. Matupu, masafi, mahali pale pale.

Wanataka nijisahau.

Wakati wa kufunga duka Troels kanipa mkono. Hakucheka. "Kila la heri kesho, kaka. Usiharibu." Nikamuuliza nisiharibu nini. Akasema, "Wewe usiharibu tu." Bwana Kjeldsen, mtu ambaye hajanigusa kwa miaka saba, akanipiga bega. Niliangalia shati nyumbani kama ameacha alama. Hakuna.

Nimebandika utepe kwenye tundu la barua mlangoni. Nimeziba bomba la moshi kwa blanketi. Pete nakwenda nayo. Siwezi kuiacha kwenye nyumba itakayovamiwa.

Jumamosi, Juni 14

Nimetimiza. Naandika vipande vipande, popote ninapopata ukuta wa kuegemea.

Saa mbili asubuhi, treni. Tumekaa behewa la kimya, ambako kuongea ni mwiko, kwa hiyo adui akiongea atajulikana. Nimezima simu. Nimemwomba Sidsel azime yake. Akazima bila kubisha, jambo ambalo nililiandika kichwani. Amevaa gauni la kijani sijawahi kuliona. Akanipa zawadi: kikopo kidogo cha bati, kimefungwa utepe. Nikakitikisa karibu na sikio. Kizito. Nikamwomba akifungue yeye, kwa mkono ulionyooka, upande wa dirishani. Ilikuwa rangi. Buluu. Akanong'ona kwamba ameichanganya kwa kukumbuka bahari ya Bisserup, ile siku ya Agosti tulipoogelea. Alichukua wiki mbili kuipata. Ni buluu ile ile, kweli. Mwanamke mmoja wa behewa la kimya akatutazama vibaya na tukanyamaza mpaka Kopenhagen.

Saa nne. Nimenunua kofia ya pembe mbili kama za ng'ombe, ile inayouzwa kwa wageni. Hakuna mwenyeji wa nchi hii atakayeivaa hadharani hata kwa kulipwa. Kwa hiyo nikiivaa, mimi si mwenyeji. Sidsel akaniomba niivue. Nikamwambia atanishukuru.

Saa sita, jumba la mfalme, kubadilishana zamu kwa walinzi. Watu wengi, nafasi nzuri. Nilimweka Sidsel mbele yangu na familia ya Wahispania nyuma yangu. Ngoma zikapigwa, askari wakaja na makofia yao ya manyoya. Hapo mtu akapiga chafya.

Chafya. Kubwa, upande wa kushoto. Kisha ya pili.

Nililala chini. Sikufikiri, mwili wenyewe ulikwenda. Pembe moja ya kofia ikaingia kwenye mfuko wa mama wa Kihispania na tukachukua muda kuitoa. Sidsel akainama kunieleza kwamba aliyepiga ni mzee mwenye mafua ya chavua, ni Juni, nusu ya nchi inapiga chafya. Huenda. Lakini kwa nini alipigia pale?

Saa saba na nusu. Mkahawa karibu na mfereji. Niliagiza samaki wa siki juu ya mkate mweusi. Nilikuwa nimeanza kutulia. Sidsel alisema nina uso mzuri ninapotulia. Mhudumu akaja kwa nyuma, akainama juu ya bega langu na kitu kirefu cha mbao, akauliza kwa upole: "Pilipili, bwana?"

Sitaandika yote. Sahani moja ilivunjika. Nilimwuliza nani kamtuma. Alisema ni kazi yake. Niliona kinu kile kwa karibu: kilikuwa kimejaa. Sidsel aliomba radhi kwa meza nne, akaokota samaki kwa leso. Tulipotoka aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema mpaka sasa hakuna punje iliyonigusa. Akasema, "Sikuuliza hivyo, Bjarke."

Saa tisa. Boti. Kosa langu. Sikujua kuna madaraja mengi vile, na yote yako chini, na juu ya kila daraja wamesimama watu wameinama kutazama maji. Mahali pazuri kama hapo pa kumwaga kitu, mimi ningepachagua kwanza. Nikakaa chini ya benchi. Mwongoza watalii alitangaza mnara, jumba, kanisa. Sikuona hata kimoja, niliona viatu. Sidsel alikaa sakafuni na yeye, kando yangu, gauni lake jipya likalowa maji ya boti. Alikaa karibu sana. Akasema watu wengine husubiri mahali kama hapa ili waseme mambo waliyoyaweka moyoni. Nikamwambia asiseme lolote, sauti husafiri juu ya maji.

Akakamua pindo la gauni lake madaraja matatu.

Saa kumi na nusu. Naandika katika choo cha kituo cha treni, mlango nimeufunga.

Tulipanda Mnara wa Mviringo. Hauna ngazi, ni njia pana inayozunguka ndani kwenda juu, na ni hiyo hiyo ya kushukia. Nililiona hilo tukiwa juu tayari. Upepo, anga safi, mapaa mekundu hadi baharini. Sidsel alishika vyuma vya ukingoni akatazama mbali. Kisha akasema, taratibu: "Kesho saa sita mchana lazima niwajibu Aalborg. Niwaambie nini?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kikasha. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Maneno yalishafika kwenye meno. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikadhani kofia inatikisika. Kama ningekuwa na miaka thelathini na siku mbili, ningelia nikapiga goti pale pale. Lakini nilimwona Troels amesimama arusini na gilasi mkononi: alimposa siku ile ile, jamani, saa kumi, jasho linamtoka. Nikameza mate. Nikamwambia Sidsel awajibu kwa maandishi, wasije wakamkana baadaye.

Alinitazama muda mrefu. Macho yalikuwa na maji. Upepo mkali kule juu.

Hapo nikaona koti la njano. Mwanamume mpana, koti la kazi kama la watu wa ghala letu, ametokea mlangoni na anakuja moja kwa moja kwetu. Ndoo mkononi! Nikapiga hesabu: njia ni moja, yeye ni mmoja, Sidsel yuko katikati. Nikapita chini ya mkono wa yule mwanamume, nikakimbia kushuka. Mzunguko baada ya mzunguko, watu wanajibana ukutani. Nyuma yangu nasikia buti. Anakimbia na yeye. Anaita. Sikugeuka.

Nikatoka barabarani. Kivuko cha waenda kwa miguu. Kwenye taa, mtu mwekundu.

Hakuna gari. Kushoto hakuna, kulia hakuna, baiskeli hakuna. Lakini taa ni nyekundu. Nikasimama. Mimi ni mkimbizi, si mhuni. Buti zikaja, zikaja, zikasimama kando yangu. Koti la njano na yeye akasimama. Tukasimama wote wawili tukitazama yule mtu mwekundu ng'ambo, tunahema. Sikuthubutu kugeuza shingo. Ile ndoo ilikuwa inanigusa goti. Nilifumba macho na kusubiri kijani au pilipili, chochote kitakachotangulia.

"Umeangusha hiki kule juu," akasema.

Ilikuwa kikasha cha pete. Alikuwa msafisha madirisha ya mnara. Alikishika kwa vidole viwili, kwa heshima, mkono wake una povu. Wakati huo huo Sidsel akafika, nywele zimemvurugika, na yule mtu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, dada." Akarudi kazini.

Sidsel alitazama kikasha. Akauliza ni nini. Nikasema vidonge vya kiungulia.

"Kiungulia kimekuanza lini?"

"Machi."

Alisema, "Pole. Natumaini utapona." Taa ikawa kijani. Hatukuvuka mara moja.

Saa nne kasorobo usiku, nyumbani. Kwetu Juni jua huchelewa, ndiyo kwanza linazama. Niandike yaliyobaki kabla sijaosha tope.

Ndani ya treni Sidsel hakusema neno, ingawa hatukuwa behewa la kimya. Saa moja jioni tukafika mtaani kwangu. Nikasimama kona. Kuna jambo. Bustani yangu, nyuma ya ua wa miti, ina miguu. Niliona viatu vya Troels chini ya majani. Niliona vya Bwana Kjeldsen, vile vya kamba nyeupe. Jozi sita au saba. Na mtu akisema "shhh."

Kwa hiyo Esbjerg hawakuiamini. Siku nzima nimeshinda, nao wananingoja mwisho wa njia na kilo sita!

Nilifanya kile ambacho jemadari yeyote angefanya. Nilimwambia Sidsel atangulie. Kama wana pilipili wataimwaga kwa mtu wa kwanza atakayefungua geti, na hapo wamekwisha. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa ukweli. Hakujibu. Alinyoosha gauni lake, likiwa na doa la maji ya mfereji na doa la samaki, akaenda. Mimi nikaruka kwa jirani, Bi Aase, nikajilaza kwenye vichaka vyake vya matunda.

Geti likalia. Wakapiga kelele wote pamoja: "Hongereni!" Makofi. Mtu akaanza wimbo. Kisha wimbo ukaisha katikati, mmoja mmoja, kama watu wanaoshuka basi.

Nikasikia sauti ya Sidsel, ndogo. Sikupata maneno. Nikasikia Troels: "Hata leo? Hata kule juu mnarani?" Kisha hakuna mtu aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kisha viti vinakunjwa.

Sikudanganyika. Kimya ni silaha ya zamani. Nikatulia, sisimizi wakinipanda shingoni. Wakaondoka wawili wawili wakitembea polepole. Sidsel akawa wa mwisho. Akaja mpaka ua wa Bi Aase, akasimama. Niliona viatu vyake tu.

"Bjarke, najua umo humo."

Nikazuia pumzi.

"Heri ya siku ya kuzaliwa," akasema. Akasubiri. Huenda dakika nzima, huenda mbili. Nilikuwa na neno mdomoni na majani mdomoni. Lakini chambo mtu huwekewa kwa kile akipendacho, mimi hilo nalijua kuliko wote, maana nilimtega Troels kwa njia hiyo hiyo. Sikutikisika. Akaenda.

Nimeingia ndani baada ya saa nzima. Bustanini wameacha bendera ndogo kila mahali na keki ya stroberi mezani. Juu ya keki kuna watu wawili wa sukari, mwanamume na mwanamke, wa kike ana gauni la kijani. Hatari tupu. Nimeikatakata yote vipande vidogo kutafuta pilipili. Hakuna hata punje. Nimeitupa, nikaosha kisu mara mbili.

Nimeshinda. Mtu wa kwanza dukani kwetu. Sijui kwa nini sina furaha. Nadhani ni njaa.

Jumapili, Juni 15

Siku ya bendera ya taifa. Mji mzima umezipandisha. Nimelala mpaka saa nne.

Nimempigia Sidsel nimweleze jinsi mkakati wa geti ulivyofanya kazi. Hapokei. Amechoka na matembezi, masikini. Saa sita kasoro dakika tano nimejaribu tena. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikajaribu saa sita kamili, bado inatumika. Ana maneno mengi na mtu leo.

Si neno. Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi ya kupiga goti mbele ya kioo, goti la kushoto, maana la kulia linalia.

Jumatatu, Juni 16

Nimefika dukani saa moja na nusu, nimenyoa, kikasha mfukoni. Sidsel hakuwepo kwenye mashine yake. Bwana Kjeldsen kasema amechukua likizo yake iliyobaki. Anakwenda leo kutafuta nyumba Aalborg. Amewajibu jana mchana. Anaanza Agosti.

Saa ya chakula nilikaa benchini nyuma ya duka. Upande wake wa benchi umechakaa rangi zaidi kuliko wangu. Sikuwahi kuliona hilo. Nilikaa mpaka Troels akaja na vikombe viwili vya kahawa, akanipa kimoja, na nikakinywa bila hata kukinusa. Mtu ajue nilivyokuwa.

Akanieleza. Pilipili ilikuwepo, kilo sita, ya kweli. Kinu walikuwa wameanza kukiunganisha. Lakini Alhamisi Sidsel alimwita kando, akamshika mkono, akamwomba waache. Alisema, "Bjarke amenialika Kopenhagen siku nzima, nadhani kuna jambo, nadhani Jumamosi jioni hatakuwa kapera tena." Akaomba kama dada anavyomwomba kaka. Wakakubali wote. Wakarudisha mapipa, wakaagiza keki. "Hakuna aliyekuwa anakuwinda, ndugu yangu. Kwa siku nzima. Ulikuwa unakimbia nini?"

Nikamuuliza kwa nini Sidsel hakuniambia. Akasema, "Angekuambiaje? Nipose, basi? Si ulikuwa umevaa kofia ya pembe." Akasema treni ya Aalborg inaondoka saa nane na dakika kumi, Sidsel atakuwa kituoni na masanduku yake mawili, na nikikimbia sasa hivi namuwahi. Akasema gari ya duka iko tayari na yeye mwenyewe ataendesha. Alikuwa amesimama na funguo mkononi. Saa ilikuwa saba na nusu.

Nilisimama. Nilishavaa koti, kwa kweli, mkono mmoja.

Halafu akili ikanirudia. Funguo mkononi mwa nani? Mwa Troels. Na hata kama ni kweli, tufikiri kama watu wazima. Nikimposa leo, kituoni, treni inapiga honi, mji mzima utasema nini? Utasema Bjarke Tofte ameposa kwa kuogopa kuachwa. Troels atalisema arusini, na safari hii atakuwa shahidi wa macho. Mwanamume mwenye heshima haposi huku ameshikiwa treni.

Nikamwambia Troels asante, nina wateja. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu niliyemfunga kwenye nguzo.

Mpango mpya nimeuandika hapa jioni, na huu ni mzuri kuliko wa kwanza. Namwacha Sidsel aende. Atulie, apate nyumba, azoee kazi, apate marafiki. Mtu yeyote atakayemposa wakati huo hatakuwa amesukumwa na kitu. Oktoba hivi, au Krismasi, hakuna haraka, nitakwenda Aalborg kama mtu aliyepita tu. Nimeshaangalia ratiba za treni. Sidsel ni mwanamke mwenye subira sana, na Aalborg hajuani na mtu.